EDDL, FDT na FDI: viwango vilivyogombea skrini moja ya fundi

Mkondo wa miliampea 4 hadi 20 hauna ubishi. Transmita ya presha, yaani kifaa kinachopima presha na kuituma kwa waya, ikitoa 4 inasema presha iko mwanzo wa kipimo, ikitoa 20 iko mwisho, ikitoa 12 iko katikati. Mfumo wowote wa udhibiti unauelewa, uwe umetoka Marekani, Ujerumani au Japani, na fundi mwenye mita ya kawaida anaweza kuuhakikisha bila kumuuliza mtu. Ugomvi ninaotaka kuuchambua ulianza pale kifaa kilipokuwa na mengi ya kusema kuliko namba hiyo moja. EDDL, FDT na FDI ni viwango vitatu vya namna mtengenezaji anavyokieleza kifaa chake kwa mfumo wa udhibiti, ili fundi akione na kukipanga kwenye skrini.

Miaka ya 1980 kampuni ya Rosemount ya Marekani ilibuni HART, ishara ndogo inayopanda juu ya mkondo uleule bila kuuvuruga. Masafa ya hezi 1200 ni moja, ya hezi 2200 ni sifuri, na mazungumzo yote huenda kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Ni kasi ya konokono, lakini waya ni zilezile mbili zilizokwisha kulazwa, na hilo ndilo lililowavutia wenye viwanda. Aliyewahi kuunganisha modemu ya HART mezani anajua kanuni yake ya kwanza: lazima lupu, yaani mzunguko wa zile waya mbili, iwe na ukinzani wa kama omu 250. Usipouweka, pawa saplai inaimeza ishara na modemu haisikii kitu, hata kama transmita imetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Mwaka 1993 ikaundwa taasisi ya kuisimamia, HART Communication Foundation, na baada ya muda karibu kila mtengenezaji mkubwa akaiweka HART ndani ya vifaa vyake. Kando yake zikakua PROFIBUS ya Ujerumani na FOUNDATION Fieldbus, ambazo ziliachana na mkondo wa analogi na kutuma kila kitu kidijitali.

Kifaa cha aina hii kinabeba parameta, yaani mipangilio na vipimo vyake vya ndani, kwa mamia. HART imezigawa amri zake kwa tabaka. Kuna amri ambazo kila kifaa lazima kizijibu: amri namba 0 inauliza wewe ni nani, namba 3 inaomba vipimo vikuu. Kuna zinazofanana kwa vifaa vingi. Halafu kuna amri za kifaa chenyewe, na hizo maana yake anaijua mtengenezaji peke yake. Kwa bahati mbaya ndizo zenye utamu. Rada inayopima kina cha tangi ina mchoro wa mwangwi unaoonyesha kama inauona uso wa mafuta kweli au inaiona ngazi iliyochomelewa ndani ya tangi. Pozishona ya valvu, kifaa kinachoisogeza valvu hadi mahali inapotakiwa, inaweza kueleza kwamba shina linakwama kila likifika nusu ya safari yake. Mkondo wa miliampea hausemi hayo, wala amri za wote hazisemi. Lazima mtu auelekeze mfumo wa udhibiti kwamba parameta hii ni kitu gani, inapimwa kwa kizio gani, inaruhusiwa kubadilishwa lini, na ionekane wapi kwenye skrini.

Mtu huyo ni mtengenezaji, hilo halikupingwa na yeyote. Kilichopingwa ni namna ya kuelekeza.

Faili au programu

Jibu la kwanza lilikuwa faili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasimamizi wa HART walikuwa na lugha ya kukielezea kifaa, ambayo baadaye ilipanuliwa na kuitwa EDDL. Mtengenezaji anaandika maelezo ya kifaa chake kwa maandishi: parameta hizi hapa, menyu zake ni hizi, ukitaka kufanya kalibresheni fuata hatua hizi. Programu iliyoko kwenye mfumo wa udhibiti, au kwenye komunikata, kifaa cha mkononi cha fundi cha kuzungumza na vifaa, inayasoma maelezo hayo na kuchora skrini yenyewe. Faili lenyewe haliendeshi chochote. Haliulizi ni mfumo gani wa kompyuta ulionao, wala halihitaji nenosiri la mkuu wa tehama.

Jibu la pili lilikuwa programu kamili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, hasa Ujerumani, kampuni kadhaa zilianzisha FDT. Hapo mtengenezaji haandiki maelezo. Anatengeneza programu ya kifaa chake, iitwayo DTM, yenye skrini zake, michoro yake na hesabu zake, na programu hiyo inakaa ndani ya programu mama inayoibeba. Ni kama draiva ya printa: printa haijielezi kwa Windows kwa maandishi, inakuja na programu yake ndogo. PACTware na FieldCare ni programu mama ambazo mafundi wengi wa vipimo wamezifungua hata bila kujua kwamba zinafuata kiwango chochote.

Kwa nini kulihitajika jibu la pili wakati la kwanza lilikuwapo? Kwa sababu lugha ya awali ilikuwa maskini. Ilijua menyu na namba. Haikujua kuchora. Mtengenezaji wa rada aliyekuwa na mchoro mzuri wa mwangwi, au wa pozishona aliyeweza kuonyesha mwendo mzima wa valvu kwa grafu, alijikuta anauza kifaa chenye uwezo ambao mteja hawezi kuuona. DTM ilimfungulia mlango: chochote unachoweza kukiprogramu kwenye Windows, mteja atakiona. Upande wa EDDL ulijibu kwa kuongeza chati, grafu, picha na uwezo wa kuhifadhi data, lakini wakati huo DTM zilikuwa zimekwisha kuenea.

Kila upande ukaenda IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme na elektroniki, kuchukua namba. EDDL ikawa IEC 61804, FDT ikapata IEC 62453 mwaka 2009. Chombo ambacho kazi yake ni kuwapa watu kiwango kimoja kilizibariki zote mbili, jambo linalokupa picha ya jinsi viwango vinavyozaliwa: wenye nguvu wakikaa mezani na hakuna anayekubali kusimama, kila mmoja anaondoka na cheti chake.

Nani alitaka nini

Mjadala wa miaka ile uliendeshwa kama mjadala wa kiufundi, na hoja zilikuwapo pande zote. Lakini ukitazama nani alisimama wapi, unaona pia hesabu za biashara. Emerson na Siemens ndio waliokuwa nguzo za EDDL, mmoja na programu yake ya AMS, mwingine na SIMATIC PDM. Wote wawili wanauza vifaa na wanauza mifumo ya udhibiti. Ukiwa na EDDL, mwenye mfumo ndiye anayechora skrini. Kifaa cha mshindani kinaonekana kwa sura ya mfumo wako. Endress+Hauser kwa upande mwingine ni wauzaji wa vipimo, mfumo mkubwa wa udhibiti hawauzi. Kwao DTM ilikuwa njia ya kuingia ndani ya chumba cha udhibiti cha mtu mwingine kwa sura na nembo yao wenyewe.

Hesabu hiyo haielezi kila kitu. ABB wana mifumo na wana vifaa, na walikuwa FDT. Lakini mnunuzi anayesoma makala ya kiufundi ya muuzaji bila kujiuliza muuzaji huyo anauza nini kingine anajipunguzia uwezo wa kuelewa anachosoma.

Katikati walikuwapo wenye mitambo. Sauti yao kubwa Ulaya ni NAMUR, chama cha watumiaji wa otomatiki katika viwanda vya kemikali na dawa kilichoanzishwa Leverkusen mwaka 1949. NAMUR haiuzi kitu. Inaandika mapendekezo, na mapendekezo yake yana uzito kwa sababu wanaoyaandika ndio wanaonunua. Kiwanda cha kemikali cha Ujerumani hakina kifaa cha kampuni moja; kina rada za huyu, mita za mtiririko za yule, valvu za wa tatu, na vyote lazima vionekane kutoka kituo kimoja. Kwa hali ya miaka ya 2000, kiwanda kama hicho kilikuwa na njia mbili, na zote zilimwacha mhandisi na kinyongo.

Akichagua mfumo wa EDDL, vifaa vyote vinaonekana kwa mtindo mmoja na kuongeza kifaa kipya ni kunakili faili. Lakini mambo ya ndani ya vifaa vigumu yanakosekana au yanakuja nusu. Juu ya hapo, EDDL yenyewe ilikuwa na lahaja: HART walikuwa na yao, FOUNDATION Fieldbus yao, PROFIBUS yao, na faili lililoandikwa kwa moja halikuwa na hakika ya kufanya kazi sawasawa kwenye programu ya mwingine.

Akichagua FDT, anapata kila kitu kifaa kinachokijua. Kisha anaanza kulipa. Kila DTM ni usakinishaji. FDT 1.2 ilijengwa juu ya COM na ActiveX, teknolojia za Microsoft za kuunganisha programu ndani ya Windows, kwa hiyo kila DTM ilifungwa kwenye Windows ya enzi yake. DTM ya kampuni moja inaweza kugombana na ya kampuni nyingine ndani ya kompyuta moja. Skrini hazifanani: hapa kitufe cha kuandika kwenye kifaa kiko juu, kule kiko kwenye menyu ya kubofya kulia, na fundi wa zamu ya usiku ndiye anayepaswa kukumbuka tofauti.

Halafu kuna suala la umri. Transmita ya presha iliyofungwa vizuri inaweza kuishi miaka 15 au 20 kwenye bomba. Microsoft waliacha kuihudumia Windows XP Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Kifaa kilichofungwa enzi za XP kimeshuhudia mifumo mitatu ikizikwa nacho bado kinapima. Faili la maelezo halikujali. DTM ilijali sana, na kila mara mtu ilibidi aitengeneze upya, aijaribu upya, aisakinishe upya. Kama mtengenezaji aliacha kukiuza kifaa hicho, au alinunuliwa na kampuni nyingine, mtu huyo hakupatikana.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa. Makubaliano membamba yanadumu, makubaliano manene yanahitaji mlezi. NAMUR wenyewe walikuwa na ushahidi wa hilo. Pendekezo lao NE 43 linasema jambo moja dogo: mkondo ukishuka hadi miliampea 3.6 au chini yake, au ukipanda hadi 21 au zaidi, hesabu hiyo ni hitilafu ya kifaa, si kipimo. Hakuna programu, hakuna leseni. Linafanya kazi kote duniani. NE 107 ya mwaka 2006 nayo ilikuwa nyembamba vilevile: hata kifaa kiwe na ujumbe mia wa hitilafu, mwendeshaji aonyeshwe alama nne tu, yaani kimeharibika, kinafanyiwa kazi, kiko nje ya mipaka yake, kinahitaji matengenezo. Viwango vyote vya uunganishaji vilivyofuata vimelazimika kuzibeba alama hizo nne.

Hannover, 2007

Mwanzoni kambi ya EDDL ilijipanga peke yake. Mwaka 2003 taasisi za HART, Fieldbus na PROFIBUS ziliunda timu ya pamoja ya kuiendeleza lugha hiyo, na baadaye OPC Foundation, inayosimamia viwango vya OPC vya kubadilishana data kati ya mifumo ya viwandani, ikajiunga. Mwaka 2007, kwenye maonyesho ya Hannover, ikatangazwa kwamba kundi la FDT nalo linaingia, na kwamba lengo ni suluhisho moja litakaloitwa FDI.

Kutoka tangazo hadi kitu cha kushika mkononi ilichukua muda. Mwaka 2011 ikaundwa kampuni ya ushirikiano kwa ajili ya kazi hiyo tu, wakiwamo ABB, Emerson, Endress+Hauser, Honeywell, Invensys, Siemens na Yokogawa. Orodha hiyo isome polepole, kwa sababu ina karibu kila mtu aliyekuwa akivutana na mwenzake. Mwanzoni mwa 2015 HART Communication Foundation na Fieldbus Foundation ziliungana kuwa FieldComm Group, ambayo ndiyo inayoitunza FDI, na mwaka huohuo IEC 62769 ikachapishwa. Miaka minane tangu Hannover. Ndani ya miaka hiyo viwanda viliendelea kujengwa, na kila kimoja kilinunua kilichokuwapo sokoni siku hiyo.

Kilichotoka ni kifurushi kimoja kwa kila kifaa. Ndani yake kuna maelezo ya kifaa kwa EDDL, na safari hii kwa lahaja moja iliyopatanishwa kwa itifaki zote tatu, HART, FOUNDATION Fieldbus na PROFIBUS. Kuna maelezo ya skrini. Kuna mantiki ya kazi, yaani kipi kifanyike kabla ya kipi. Kisha, kwa mtengenezaji anayehitaji zaidi, kuna nafasi ya kupachika kipande cha programu chenye skrini za hali ya juu, na mahali pa kuweka miongozo na vyeti. Vyote vinafungwa pamoja, vinatiwa saini ya kidijitali na kusajiliwa.

Ukikitazama kifurushi hicho bila ushabiki, EDDL ndiyo uti wa mgongo. Alichopata FDT ni kile kipande cha kupachika. Kwa maoni yangu huo ulikuwa mgawanyo wa haki, kwa sababu unaifanya sehemu nene iwe ya hiari. Kipande kikizeeka na kushindwa kufanya kazi kwenye kompyuta mpya, maelezo ya msingi yanabaki yanasomeka: fundi anapoteza mchoro mzuri, hapotezi kifaa.

Tuchukue mfano wa kazi ya kawaida. Rada ya tangi imekufa, stoo wametoa mpya ya aina ileile. Aina ni ileile lakini programu ya ndani ya kifaa ni toleo la 3, wakati iliyokufa ilikuwa toleo la 2. Mkondo unatoka vizuri na mwendeshaji anaona kina cha tangi. Lakini mfumo ukijaribu kuingia ndani ya kifaa hauna maelezo ya toleo la 3, hivyo unakionyesha kama kifaa kisichojulikana: jina la lebo, kipimo kikuu, mwanzo na mwisho wa kipimo, basi. Zile amri za wote. Mchoro wa mwangwi haupo, na bila huo huwezi kuiambia rada ipuuze ngazi. Kwenye EDDL ya zamani unatafuta faili la toleo la 3 na kulinakili, ukiombea kwamba lahaja inakubaliana na programu yako. Kwenye FDT unatafuta DTM, unapakua kisakinishi kikubwa, unamtafuta mwenye nenosiri la kompyuta, unasakinisha, pengine unawasha upya, unasasisha orodha ya programu mama, na wakati wote huo kompyuta hiyo ni ileile inayoangalia vifaa vingine vyote vya mtambo. Kwenye FDI unachukua kifurushi kimoja, mfumo unahakiki saini, unaendelea.

Tofauti hiyo kwenye karatasi inaonekana ndogo. Saa nane usiku, mtandao wa intaneti ukiwa umekatwa kwa makusudi kwa sababu za usalama kama ilivyo desturi ya chumba cha udhibiti, ndiyo tofauti kati ya kazi ya nusu saa na kazi ya kesho.

Maridhiano hayakumaliza ugomvi

Mtu angetegemea kwamba baada ya 2015 FDT ingezikwa. Haikuzikwa. FDT 2 ilikwisha kuhamia .NET, jukwaa jipya zaidi la programu la Microsoft, tangu 2012, na mwaka 2020 ikatoka FDT 3 iliyojengwa kwa ajili ya kivinjari na seva, yenye OPC UA, kiwango cha OPC Foundation cha kubadilishana data, ndani yake. Kundi lake linasema, na ni kweli, kwamba FDT inahudumia pia viwanda vya kuunda bidhaa moja moja na itifaki nyingi ambazo FDI haikuzilenga. Kwa hiyo aliyengoja kimoja alipata vitatu kwenye orodha ya IEC, ingawa vinaelewana zaidi kuliko zamani: kifurushi cha FDI kinaweza kubebwa ndani ya programu mama ya FDT.

Watengenezaji nao hawakukimbilia. Kuandika kifurushi cha FDI kwa kifaa kinachouzwa sasa ni gharama. Kukiandika kwa kifaa kilichouzwa miaka kumi iliyopita ni gharama isiyo na faida. Mwenye mtambo wa zamani hawezi kumlaumu mtu kwa hilo, lakini anapaswa kulijua kabla muuzaji hajamwambia kwamba FDI inatatua kila kitu.

Jambo linalonivutia zaidi ni lililofuata. Mwaka 2020 FieldComm Group na OPC Foundation walitoa PA-DIM, ambayo haishughuliki na skrini hata kidogo. Inasema tu kwamba kila kifaa, cha yeyote, kikiulizwa kwa OPC UA kiweke jina la mtengenezaji, namba yake, kipimo chake, kizio chake na zile alama nne za NE 107 mahali palepale na kwa maana ileile. Huko ni kurudi kwenye wembamba. Inaendana na wazo la NAMUR la kutoa data ya uangalizi kupitia mlango wa pembeni, NE 175, bila kugusa mfumo unaoendesha mtambo. Kwa anayetaka kujua tu ni valvu zipi zinahitaji matengenezo, hiyo inatosha. Hana haja ya kufungua skrini ya kifaa hata kimoja.

Waya nao unabadilika. Ethernet-APL, iliyozinduliwa 2021, inapitisha umeme na data kwa waya mbili hadi kwenye maeneo yenye hatari ya mlipuko, kwa megabiti 10 kwa sekunde. Ukilinganisha na biti 1200 za HART, ni zaidi ya mara 8000. Kwa kasi hiyo kifaa kinaweza kubeba ukurasa wake wa mtandao na fundi akaufungua kwa kivinjari bila DTM wala kifurushi. Inarahisisha, na wakati huohuo inageuza kila transmita kuwa seva ndogo inayohitaji nenosiri na masasisho ya usalama. Sijui mkuu wa tehama atakayefurahia seva mia nane ndani ya mtambo wa gesi.

Kwa mtambo wa huku kwetu

Kisa hiki ni cha Ulaya na Marekani, lakini bili inafika Afrika Mashariki. Kiwanda cha saruji, cha sukari au cha kusafisha maji mara nyingi kinajengwa na mkandarasi wa nje, ambaye anachagua mfumo na vifaa kwa mikataba yake mwenyewe, anakabidhi, anaondoka. Miaka mitano baadaye vifaa vimeanza kubadilishwa na vya kampuni nyingine kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei na kwa haraka. Mchanganyiko ambao Wajerumani walikuwa nao kwa kupenda, sisi tunaupata kwa kulazimika.

Kwa mtambo mpya ningechagua FDI kuwa msingi, na ningeiandika hivyo kwenye zabuni kwa maneno yasiyo na mwanya: kila kifaa kije na kifurushi cha FDI kilichosajiliwa, cha toleo linalolingana na kifaa chenyewe, na nakala yake ikabidhiwe kwa mwenye mtambo siku ya makabidhiano pamoja na michoro. Sentensi ya jumla kwamba vifaa "viunge mkono viwango vya kimataifa" haimbani mtu, kwa kuwa vyote vitatu ni viwango vya kimataifa. Mfumo mwenyeji, yaani ule wa udhibiti unaovipokea vifurushi, nao uonyeshe kwa vitendo, kabla ya kupokelewa kiwandani kwa muuzaji, kwamba unafungua kifurushi cha angalau kifaa kimoja cha kampuni pinzani. Jaribio hilo linachukua dakika chache na linafichua mengi ambayo brosha haisemi. Hapohapo aulizwe leseni inahesabiwa vipi, kwa kituo, kwa kifaa au kwa mwaka, maana programu za kusimamia vifaa zina tabia ya kuwa rahisi siku ya kununua.

FDT nisingeitupa. Pozishona ngumu, mita za mtiririko za aina ya Coriolis na rada zina DTM ambazo bado zinaonyesha mambo vizuri kuliko kitu kingine chochote, na programu mama kama PACTware haina gharama. Ningezitoa tu kwenye mfumo wa udhibiti. Zikae kwenye laptopu ya karakana, na zile za zamani zifungiwe ndani ya kompyuta pepe yenye Windows ya enzi zao, isiyounganishwa na mtandao wowote. Ikiharibika, unarudisha nakala. Mtambo haujui kama kuna kilichotokea.

Vifaa ambavyo viko bombani tayari na havina kifurushi havihitaji kubadilishwa kwa ajili hiyo. FDI ilitengenezwa iweze kusoma EDD za zamani, yaani yale mafaili ya maelezo yaliyoandikwa kwa EDDL, na kwa transmita ya kawaida ya presha au joto hayo yanatosha kwa kila kitu ambacho fundi hukigusa. Kazi halisi hapo ni ya ukarani: orodha ya kila kifaa, toleo lake, na faili linalolingana nalo, vikihifadhiwa mahali ambapo zamu ya usiku inaweza kufika bila intaneti, na jina la mtu mmoja anayeisasisha kila stoo inapotoa kifaa kipya.